Mtihani Ambao Kamau Hakupaswa Kupita

Wenzangu wa kikundi,

Mmeniuliza mara tatu sasa, mara mbili nje ya kanisa na mara moja kwenye mashine ya kusaga unga, ilikuwaje nikaondoka hapa Mutuini asubuhi nikiwa nimevaa kofia yangu ya harusi yenye ua la hariri, nikarudi jioni kichwa wazi, nimekaa nyuma ya pikapu na jogoo. Sikuwajibu kwa sababu kila mara mlianza kucheka kabla sijafungua mdomo. Basi nimeandika. Mmoja wenu amsomee Mama Shiro, maana miwani yake ilivunjika, na ambaye hataki kujua mambo ya watu arudishe karatasi hizi sasa hivi.

Kabla hatujaondoka

Habari ya jinsi nafasi ilivyopatikana nitairuka. Ilikuwa simu, barua na kungoja, na hakuna anayefurahia kusoma mambo hayo. Yatosha mjue kwamba kule Spring Valley kuna kituo cha watoto wachanga ambao mambo yao yamechelewa. Mwingine hajakaa wakati wa kukaa, mwingine hajasimama wakati wa kusimama, mwingine hajatamka chochote. Kituo huwachukua wakiwa wadogo kabisa, kabla ya kutimiza miaka mitatu, kwa sababu wakati huo ndio mwili na akili hufundishika upesi. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa moja tu. Mke wa mwanangu, Njoki, aliitafuta kwa miezi mitano.

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu Kamau, na hapa ndipo ninapowaomba radhi. Kamau alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi, na alikuwa hajasimama hata mara moja. Ninyi mmemwona mgongoni mwangu tu. Mlipouliza mbona simshushi acheze na wenzake, nilisema kuna matope. Ilikuwa Februari, vumbi limetujaa hadi kwenye chai, nami nasema kuna matope, na hakuna aliyenibishia. Mama Shiro aliponiuliza kama ameanza kutembea, nilimwambia siku hizi anakimbia.

Mnajua Kamau amepewa jina la marehemu mume wangu, kama ilivyo desturi yetu, ndiyo maana namwita mume wangu mbele za watu bila haya. Marehemu katika ujana wake alikwenda mjini kwa miguu na kurudi kwa miguu, na akifika nyumbani anauliza kama kuna kazi. Sasa mimi niseme Kamau hatembei? Mdomo ulikataa kabisa.

Njoki aliponiambia kuna siku Kamau ataangaliwa, mimi nilielewa haraka kuliko yeye. Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja. Nimeona shule za mjini zikiwaita watoto wa miaka mitatu, wakiulizwa rangi na umbo, anayejibu anaingia na anayelia anarudishwa kwao. Nafasi ni moja na watoto ni wengi, basi huo ni mtihani. Njoki alijaribu kunieleza kwamba hii si shule. Nilimwambia asinifundishe kazi yangu.

Kwa wiki mbili nikamwandaa mume wangu. Asubuhi tulifanya vibao vya kupanga, saa nne rangi, baada ya uji viungo vya mwili. Vibao alivitia mdomoni. Rangi alizikataa zote. Lakini kwenye viungo vya mwili tulipata kimoja, nacho ni pua. Wakati huo nilikuwa na mafua, kila nikisema pua nakohoa, na yeye akashika kile kikohozi. Nikikohoa, Kamau anajipiga pua kwa kiganja na kucheka. Nikaona hewala, nitatamka pua kwa sauti kisha nikohoe kidogo. Mwalimu mzoefu hakosi njia.

Mutuini hadi kwenye makochi ya Ngong Road

Siku ilipofika, matatu ziligoma. Sijui waligombana na nani. Sisi tulitakiwa Spring Valley saa nane mchana, na tukikosa kufika, nafasi anapewa anayefuata kwenye orodha. Njoki alipata kiti kimoja kwenye gari la jirani akaenda zake kazini, kule mjini anakowapigia mawakili chapa, tukaagana kukutana saa sita. Mimi na Kamau tukachukuliwa na Njuguna, yule wa kuku, aliyekuwa anapeleka mzigo Kenyatta Market.

Njuguna ni mtu mwema lakini pikapu yake huingiza vumbi kutoka chini, na vumbi humkohoza. Hatujafika hata Dagoretti, amekohoa mara saba, na Kamau amejipiga pua mara saba, akimtazama usoni na kucheka. Mnaijua pua ya Njuguna. Alivumilia mpaka akashindwa, akaniuliza kwa upole kama huyu mtoto anamcheka. Nilimwambia hiyo ni salamu, watoto wa siku hizi husalimiana hivyo. Kuanzia hapo, Njuguna naye akawa anajipiga pua kumjibu, mkono mmoja kwenye usukani.

Pale Ngong Road, mahali mafundi wanapanga makochi na vitanda kando ya barabara, mtu wa baiskeli alikatiza mbele yetu. Njuguna akakanyaga breki, kreti moja ikafunguka, na kuku wakamwagika. Wengine walikwenda kwenye mtaro, lakini wanne wenye akili walipanda kwenye seti ya makochi ya maruni, mapya, bado yana nailoni. Mwenye makochi alikuja mbio. Hakutaka matusi. Alisema tu, "Madam, hiyo kuku ikichafua kiti, hiyo kiti ni yako."

Nilishuka nikamkalisha Kamau kwenye kochi, nikakaa kando yake, nikaanza kutoa amri. Mafundi watano waliacha randa zao wakawa wanafukuza kuku kwa maelekezo yangu, wewe kushoto, wewe usikimbie, wewe mwenye kofia nyekundu umelala? Mama mmoja alisimamisha gari akafikiri tunaonyesha bidhaa, akauliza kama kochi linabeba watu wanne. Wakati huo huo Kamau alianza kuteleza. Mgongo wake ulikuwa bado haumbebi vizuri kwenye kitu laini, akawa anashuka polepole mpaka kidevu kikafika kifuani. Mwenye makochi akamwona.

"Huyu ako na miaka ngapi?" akauliza.

Nilisema ana miezi minane. Alimtazama Kamau, ambaye ana meno kumi na mawili, akasema huyu atakuwa jitu. Nilikubali kwamba kwetu watu ni wakubwa, nikamfunga mgongoni upesi. Kuku walipatikana wote na kochi halikuchafuliwa.

Kenyatta Market, dakika kumi za Njuguna

Njuguna aliniambia tungoje dakika kumi. Mnunuzi wake alikuwa mtu wa kumshika kila kuku chini ya bawa, kumnyanyua, kumfikiria, kisha kumshika tena. Jogoo mmoja alimdonoa kidoleni, hapo yakazuka mazungumzo marefu kuhusu tabia ya jogoo huyo, na mwisho wake jogoo alikataliwa. Mimi nilikuwa nimeshaondoka nikafuata harufu ya nyama.

Nilimwambia mchomaji anipe supu, mume wangu hajala tangu asubuhi. Akaleta bakuli kubwa, na ugali, na mbavu tatu, akaweka na kiti cha pili kwa ajili ya mwenye kula. Kamau alikunywa supu yote. Ubavu mmoja aliunyonya mpaka ukawa mweupe. Mchomaji alikuja mara mbili kuuliza kama mzee amefika. Sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Wasichana wa saluni za pale hawawezi kumwona mtoto wakamwacha. Walimchukua Kamau kutoka mikononi mwangu, akapita kutoka kiti hadi kiti, huyu anamshika mashavu, huyu anamwekea rola kichwani, naye anacheka na kila mtu. Kisha mmoja akamsimamisha mapajani mwake, kama watu wafanyavyo na mtoto, ili aruke. Miguu ya Kamau ilijikunja. Akamwinua tena, ikajikunja tena. Kelele zikapungua kidogo.

"Shosho, hii miguu yake haijashika," akasema yule msichana. Hakuwa na ubaya wowote.

Nilimwambia kwamba mtoto amechoka kwa sababu asubuhi nzima alikuwa anafukuza kuku barabarani. Hiyo ya kuku, angalau, ilikuwa kweli. Niliona wakitazamana kwenye kioo, nikamchukua mtoto wangu akiwa bado na rola moja kichwani, nami niliigundua tulipofika mjini.

Mjini, dukani kwa Bwana Salim

Njuguna alituacha pembeni mwa mji, akasema jioni atapitia pale pale. Nilitembea na mzigo wangu mgongoni hadi jengo la Njoki na kumpigia simu iliyolia mara moja tu, kwa kuwa krediti ilikuwa karibu kuisha. Akateremka akikimbia. Mkubwa wake alikuwa amemwongezea kurasa ishirini, zinatakiwa kabla hajatoka. Uso wake ulikuwa umekauka. Alinionyesha duka la leso ng'ambo ya barabara, akasema, "Mama, ketini hapo kwa Bwana Salim, ni mtu mzuri. Nipe saa moja."

Bwana Salim ni mzee wa Pwani, kofia iliyoshonwa kwa mkono, ndevu nyeupe zilizochanwa. Huuza leso na nguo za watoto wachanga. Alinikaribisha kana kwamba tumejuana tangu zamani, akaniuliza hali yangu, ya nyumbani, ya mifugo, ya mvua, na kila nikifikiri salamu zimekwisha, kumbe bado. Sisi wa Mutuini salamu yetu ni moja na inatosha. Nilipofika kwenye habari ya mvua nilikuwa nimeishiwa na majibu nikaanza kurudia ya mwanzo.

Aliagiza chai na mahamri. Kiatu kimoja cha Kamau kilikuwa kimeanguka kwa wale wasichana wa saluni, na mguu ulining'inia wazi. Bwana Salim akauchukua kwenye kiganja chake.

"Hajatembea bado?" akauliza.

"Anatembea sana. Leo ana malengelenge."

Aliupapasa unyayo kwa kidole gumba, bila haraka. "Mama," akasema, "unyayo huu haujakanyaga ardhi bado."

Unyayo wa Kamau ni laini kila mahali, hauna hata mstari wa ugumu. Mimi huuosha kila siku na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuusoma. Wakati huo mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia binti mtu mzima na sinia la chai. Alitembea bega moja likishuka kila hatua, lakini hakumwaga hata tone.

"Huyu ni mwanangu Zuhura," akasema Bwana Salim. "Alitembea ana miaka minne na nusu. Hatukuwa na pa kumpeleka wakati ule, basi tulikaa tukisema atatembea kesho. Hesabu zote za duka hili ni zake. Lakini ile miaka tuliyokaa kusema kesho, hiyo yaniuma mpaka leo."

Nilikasirika, siwafichi. Nani amemwuliza? Nilikula mahamri matatu kwa hasira, na Kamau akala mawili kwa raha. Zuhura alimfanyia Kamau kidole cha kuchekesha, nami nikageuza uso nikawa nasoma bei za leso. Njoki alipotokea, saa saba unusu, alinikuta nimekaa wima na mume wangu amelala, tumbo limejaa mbavu, supu, ugali, mahamri na chai ya iliki.

Spring Valley, geti la kwanza

Tulichukua teksi. Dereva alisema anaijua Spring Valley yote, na nadhani alituonyesha yote. Huko hakuna mtu wa kuuliza njia, kuna ua tu na mbwa anayebweka nyuma ya ua. Saa nane kasoro dakika tano tukasimama mbele ya geti jeusi, dereva akaapa ndilo. Njoki akabaki anabishana naye, mimi nikatangulia na Kamau ili tusiandikwe tumechelewa.

Bawabu aliuliza kama nimekuja kwa intavyuu. Nilifurahi kwamba angalau mtu mmoja Nairobi nzima anasema ukweli wa mambo. Akanipitisha hadi sebuleni, palipokuwa na mama wa makamo aliyevaa hariri, daftari mapajani.

Akaniuliza nimekaa na watoto miaka mingapi. Nikasema thelathini na moja. Akaandika. Akauliza wangapi kwa wakati mmoja, nikamwambia kwa kawaida sitini, ila mwaka mmoja walifika sabini na wawili. Kalamu ikasimama. Akauliza kama napika. Nilishangaa kidogo, lakini nikasema napika. Akauliza kama niko tayari kulala huko huko, nikasema hapana, nina ng'ombe. Mwishowe akamnyoshea Kamau kalamu na kuuliza huyu ni nani.

"Huyu ni mume wangu," nikasema, kwa mazoea.

Njoki aliingia na bawabu wakati yule mama amekwisha kusimama. Kumbe alikuwa anatafuta yaya. Njoki aliomba radhi kwa Kiingereza kirefu sana, na nilipokuwa natoka nilisikia yule mama akimwuliza bawabu kama yule wa sitini anaweza kuja wiki mbili za kujaribiwa. Kituo chetu kilikuwa nyumba ya tatu kutoka pale.

Spring Valley, geti la pili

Tulifika tukiwa tumechelewa robo saa, wakatusamehe. Utaratibu wao ni kwamba kwanza huingia yule anayekaa na mtoto mchana kutwa, peke yake, wamsikie yeye bila mtu wa kumkatiza. Yule ni mimi. Njoki aliniwekea mkono begani, akataka kusema kitu, kisha akasema tu, "Mama, sema vile yuko." Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Ndani hapakuwa na dawati. Palikuwa na mkeka mpana, na juu yake mwanamume mzima ameketi bila viatu, soksi moja imetoboka. Huyo ndiye Bwana Ouma, mtaalamu wao. Akanikaribisha nikae chini. Na kofia ya harusi, nikakaa chini.

Kamau alikuwa amelala fofofo. Bwana Ouma alijaribu kumwamsha, akamgusa nyayo, akatingisha njuga, akamwita. Supu ya Kenyatta Market haichezewi. Basi akasema ataanza na maswali, kisha amwone mtoto akiamka kama muda utaruhusu.

"Hii si mtihani, Mama," akaniambia. "Hakuna kupita, hakuna kuanguka."

Nilimwonea huruma. Mimi mwenyewe niliwaambia watoto maneno hayo hayo kila mwisho wa muhula, na sote tulijua si kweli.

Akauliza kama anakaa bila kushikwa. Nikasema anakaa, na hilo lilikuwa kweli. Akauliza kama anasimama akishikilia kiti. Nikasema bila kushikilia. Akauliza anatembea hatua ngapi. Nilitafuta idadi isiyo na majivuno, nikasema kumi na tano. Akauliza maneno. Nikasema baba, mama, cucu, yaani mimi nyanya yake, na asante. Asante niliiongeza ili wajue ametoka nyumba yenye adabu. Akauliza kama anaonyesha kiungo chochote cha mwili, nami nikakaa vizuri, nikatamka pua, nikakohoa. Kamau, macho yamefungwa kabisa, akainua mkono akajipiga pua na kuendelea kulala.

Bwana Ouma alimtazama kwa muda. Akaandika, akafunga faili, akasema kwamba kwa maelezo hayo mtoto yuko sawa, pengine mama yake amekuwa na wasiwasi tu, na hatahitaji kuja hapa. Watampigia simu anayefuata. Nilimshukuru kwa mikono miwili. Nilidhani Kamau amefanya vizuri mpaka amerushwa darasa.

Njoki alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje. Alisimama aliponiona.

"Amepita," nikamwambia. "Tena amepita sana, hata hahitaji kuja."

Alikaa tena pale pale. Hakulia. Aliuliza kama nilisema anatembea, nikamwambia hatua kumi na tano tu, sikuzidisha.

"Mama," akasema, "hapa wanachukua wale hawawezi. Ukisema anaweza, wanatuambia kwaheri."

Akaendelea, sauti chini sana, akitazama viatu vyake. "Mimi siwezi kuingia huko niwaambie mama yangu ni mwongo. Sitaweza. Ukisema turudi nyumbani, tutarudi."

Nawaambia, nimeshawahi kutukanwa na mkaguzi wa shule mbele ya darasa na sikuumia hivyo. Nilisimama pale na mtoto mgongoni, na aliyenijia akilini ni msichana mmoja aliyeletwa darasani kwangu zamani, ana miaka minane, amebebwa na mama yake. Nilimwambia yule mama kwa upole sana amrudishe nyumbani, amlete mwakani akiwa na nguvu. Mwakani hakumleta. Nami sikuuliza.

Niliingia bila kubisha. Bwana Ouma alikuwa ameshika simu, anatafuta namba.

"Weka simu chini," nikamwambia. "Nimekuja kusahihisha."

Akaiweka.

"Hatembei," nikasema. "Hajasimama hata siku moja. Hajasema neno lolote, wala mama, wala cucu. Kukaa ndiyo kweli pekee, na akikaa mahali laini anaanguka. Pua ni kikohozi."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa maneno hayo kutoka mdomoni mwangu, na yalipoanza yalitoka yote. Bwana Ouma hakunikemea. Aliuliza hiyo ya kikohozi ni nini. Nikakohoa. Kamau alikuwa ameamka sasa kwa kelele zangu, akajipiga pua na kucheka. Bwana Ouma akakohoa yeye mwenyewe, Kamau akajipiga tena. Wakakoholeana mara nne.

"Nani alimfundisha hii?"

"Mimi. Kwa wiki mbili."

"Wiki mbili," akasema. "Mtoto anashika kitu kwa wiki mbili, hapo iko kazi ya kufanya. Na ulijua tangu lini, Mama, kwamba miguu yake iko na shida?"

Swali hilo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza, hata mwanangu. "Tangu akiwa na miezi minane," nikasema. "Nilijua. Ndipo nikaanza kumbeba mgongoni kutwa, watu wasione." Kisha nililia. Nililia kwa sauti, mtu mzima, kofia ikaanguka kwenye mkeka, na Njoki akaingia akanishika.

Faili ilifunguliwa upya na maswali yakarudiwa, sote tumeketi chini. Kila swali nililojibu hawezi, Bwana Ouma aliandika neno moja, bado. Karatasi nzima ilijaa bado, kuanzia juu hadi chini, na mwisho akanipa kalamu nitie sahihi. Sijawahi kutia sahihi ripoti mbaya kama ile. Nafasi ikawa ya Kamau. Mtoto aliyekuwa anafuata simjui, lakini namtaja kila usiku katika sala.

Kisha Bwana Ouma akanionyesha kazi, nayo ni ngumu kuliko yoyote niliyofanya shuleni. Alimlaza Kamau kifudifudi kwenye mkeka. Kofia yangu ilikuwa hapo mbele yake, umbali wa mkono mmoja na nusu hivi. Kamau akaitaka. Akanyosha mkono, haukufika. Akanitazama mimi, maana mimi humpa kila kitu. Nilikuwa nimeshainuka kuisogeza, Bwana Ouma akanishika kiwiko, akasema nisimpe. Kamau akalia. Mimi nikajiuma mdomo. Njoki akageukia ukuta. Kamau akalia, akanyamaza, akakunja goti moja, akasukuma, akaanguka na uso, akasukuma tena. Ilichukua muda wa kuivisha viazi. Mwishowe akaifikia kofia, akaishika kwa mikono miwili, akaitia mdomoni, na ua lake lote la hariri likaisha hapo. Nilimwachia aitafune.

Kurudi

Njuguna alitungoja pembeni mwa mji kama alivyoahidi. Njoki alikaa mbele na mtoto, kwa hiyo mimi nilipanda nyuma na yule jogoo aliyekataliwa. Ndivyo mlivyoniona nikishuka. Mama Shiro alipiga kelele kuuliza kofia iko wapi, nami nikaingia nyumbani bila kumjibu, naomba anisamehe.

Tangu siku hiyo tunakwenda Spring Valley kila Alhamisi, na siku nyingine zote kazi ni hapa nyumbani, kwenye mkeka, asubuhi na jioni. Bwana Ouma hajaniahidi kitu. Anasema pengine atatembea, pengine atatembea akishikilia, na hatutajua bila kufanya kazi.

Niliwaambia Kamau anakimbia. Hatembei. Jumapili hii nitakuja naye kanisani, nami sitamfunga mgongoni. Nitatandika mkeka nyuma ya viti vyetu na kumweka chini mbele yenu wote. Atanitazama, na asiponipata atawatazama ninyi, mmoja mmoja, atawanyoshea mikono na kulia, na naijua mioyo yenu. Msimwinue.